Tope Tupu la Katsepy

Ninaandika haya nikiwa ndani ya eda, na mume aliyenifia amekufa zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Majirani zangu hapa Ng'ambo wanacheka na siwalaumu. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, sikio moja halisikii, amejifungia chumbani, hatii wanja, hatoki ila kwa dharura, kwa ajili ya kijana ambaye hata mifupa yake haina kaburi. Wiki ya kwanza Bi Salma wa nyumba ya pili alinichungulia dirishani akasema, "Echati, hii eda ya mzuka?" Nikamwambia ndiyo, ya mzuka, aingie ale wali au aende zake. Akaingia akala. Sina elimu kubwa. Nilisoma madarasa matatu tu, na Kiswahili hiki nimekiokota Unguja nikiwa mtu mzima. Kwetu Ambanoro, kisiwani Nosy Be pwani ya Madagaska, tulisema Kimalagasi nje na Kikomori ndani, na Kiswahili kilibaki kwenye dua za wazee na majina ya vitu vya baharini. Kwa hiyo maneno ya watu nitakayoyaandika hapa hayakusemwa kwa lugha hii, lakini yalivyouma ni vilevile.

Lililonianzisha ni ujumbe. Mpwa wangu alinisomea kwenye simu kwamba kituo nilichokifanyia kazi ujanani kinaomboleza mwanzilishi wake, Bwana Lormel, aliyefariki kwa amani kitandani kwake Ufaransa, na wote waliofanya kazi naye wanaombwa watume kumbukumbu njema isiyozidi ukurasa mmoja. Mpwa wangu akaniuliza, "Shangazi, unayo kumbukumbu njema?" Nikamwambia ninayo moja. Nitaifikia.

Mwaka ninaousema ulikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, muda si mrefu baada ya zile siku walipouawa Wakomori mjini Majunga na waliobaki wakakimbilia vyombo na ndege kurudi visiwani kwao. Kituo cha Lormel kilikuwa na nyumba Hell-Ville, mji mkubwa wa kisiwa chetu, ghorofa ya zamani ya mfanyabiashara wa Kihindi, na chini kulikuwa na chumba kimoja kirefu chenye meza iliyokwenda ukuta hadi ukuta. Juu ya meza walitandaza picha za pwani zilizopigwa kutoka kwenye ndege, na nyingine, alivyotuambia Lormel, kutoka juu zaidi ya ndege yoyote. Walizikandamiza kwa mawe ya ufukweni zisijikunje. Chumba kilinuka dawa ya filamu na ilangilangi iliyokuwa ikichemshwa kiwandani nyuma ya mji, na mpaka leo nikisikia manukato ya namna ile natafuta mlango. Kituo hakikuwa cha serikali wala cha biashara. Kilikula michango ya watu wema wa Ulaya, na Lormel alitukumbusha hivyo kila tulipolalamika kwamba wali hautoshi. Kazi ilikuwa kuchora ramani ya maji ya pwani: wapi majani, wapi matumbawe, wapi mikoko, wapi tope. Picha ilionyesha rangi tu, na kila doa la rangi lilipewa nambari. Watu wakaenda kwa miguu au kwa boti mpaka kwenye doa lenyewe, wakatazama ni kitu gani, wakajaza kadi. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilikuwa nikiokota kombe tangu utoto na niliujua mwamba wa Ambanoro kwa nyayo. Nilipewa sahani nyeupe iliyofungwa kamba, na chini yake bildi, ile risasi ya kupimia kina, nzito kama ngumi ya mwanamume. Nilishusha sahani majini mpaka ipotee machoni, nikataja mita, nikaivuta mpaka ionekane tena, nikataja mita. Ndiyo kazi niliyofanya mwaka mzima.

Aliyeandika mita hizo alikuwa Hamidu. Alikuwa Mkomori wa Majunga, kapona siku za mauaji kwa kukaa siku mbili ndani ya tanuri la mkate, na shingoni kwake upande wa kushoto palikuwa na kovu la panga, pana kama mkia wa samaki. Alikuwa na Kifaransa cha shule na mwandiko wa kupendeza, na daftari lake alilining'iniza kifuani kwa uzi asije akalitia majini. Siku ya kwanza alipoonyeshwa picha alicheka mpaka Lormel akakasirika. Filamu yao ilikuwa ya namna ya peke yake: miti hai ilitoka myekundu, na maji ya tope yalitoka buluu hafifu kama maziwa yaliyozidishwa maji. "Echa, njoo uone," akaniambia. "Mwendawazimu kachora kwetu. Mikoko inawaka moto na mto wa Majunga umeoga." Maana mto ule, kwa macho, ni mwekundu kama udongo wa tofali. Tulioana Ambanoro, mama yangu akapika mataba, yale majani ya muhogo ya kutwanga kwa nazi, na Lormel alikuja akala sahani tatu. Ndoa ilidumu miezi saba.

Nusu ya pili ya mwaka tulihamia Majunga. Kituo kilipangisha nyumba upande wa kuelekea Belobaka, na mwenye kutupangisha hakuwa mwenye nyumba. Fremu ya mlango ilikuwa mkaa. Ukutani, palipopigwa chokaa haraka, kiganja cha mkono kilikuwa kikijitokeza kila mvua iliponyesha, kidogo, cha mtoto au cha mwanamke. Mimi nilisugua sakafu ya chumba cha kulia kwa majivu na ndimu siku nne. Hamidu hakuingia kula chumbani mle hata mara moja. Alichukua sahani yake akakaa kwenye ngazi na maji yake yaliyochemshiwa ukoko wa wali, kinywaji cha kwetu, na Zafy, mchoraji wa ramani, Msakalava mwenye maneno machache, akamfuata kumwondolea upweke. Mchana mmoja nilikuwa napakua nikamsikia Lormel akimwambia mgeni wake, "Nyumba nzuri, kubwa, na haina mwenyewe." Akachukua kipande cha samaki. Mgeni akasema wamebahatika. Nilikuwa nimeshika upawa wa moto na nikautazama mkono wangu, nikaona ajabu kwamba haufanyi chochote. Siku hizo bado nilidhani mkono wangu ni wa kupakulia.

Ng'ambo ya ghuba kuna Katsepy, kijiji cha wavuvi, unavuka kwa feri. Huko tulikaa kwa Mama Soa, mjane aliyetupa chumba kimoja cha makuti na kutupikia. Picha mpya zilikuwa zimefika, na katikati ya wekundu wa mikoko, mbali ndani ya vijito, palikuwa na kitone cheupe kama punje ya mchele. Zafy alikipa nambari arobaini na moja. Mama Soa alipoona wanaume wanainama juu ya picha na kuonyeshana upande ule, aliacha kuchambua mchele.

"Huko watu hawaendi," akasema. "Pana mwiko. Ni mahali pa wafu."

"Tangu lini, mama?" Hamidu akamuuliza.

"Tangu mwaka jana."

Hamidu akacheka. "Wafu gani hao waliohama mwaka jana? Walikuwa wakikaa wapi zamani?"

Mama Soa hakucheka. Aliendelea na mchele wake, akatupa jiwe, akatupa jingine, kisha akasema bila kuinua uso, "Mwanangu, nimekwambia mahali pa wafu. Wewe una akili, usinilazimishe kusema zaidi." Hamidu alimwelewa. Nilimwona uso wake ukibadilika. Alimwendea Lormel akamwambia hilo doa tuliache, tuandike haikufikika, kadi zina nafasi ya kuandika hivyo. Lormel akasema kituo chake hakiachi doa kwa sababu ya ushirikina wa kikongwe. Akasema kama Hamidu anaogopa, wapo wengi wanaotaka kazi. Majina ya wakosaji nitayataja yote, na hapo ndipo la kwanza linapoandikwa: Lormel aliambiwa.

Tulikwenda asubuhi, maji ya bamvua yamekupwa kabisa. Zafy alibaki kwenye boti kijitoni pamoja na bomba la bati lenye picha, kwa sababu picha hazikuruhusiwa kuingia matopeni. Tulitembea watatu, tope la magotini, Lormel mbele, Hamidu na ufito wake wa kupimia wenye mapande mekundu na meupe, mimi nyuma na sahani yangu. Tulinusa kabla ya kuona. Mikoko ilikatwa duara kubwa, magogo yakasimamishwa kuwa uzio, na ndani walikuwamo ng'ombe wenye nundu, wamesongamana, kila mmoja amefungwa mdomo kwa kamba asilie. Ng'ombe wengi namna ile na hakuna sauti, ila kwato zikichomoka topeni. Walikuwa wa wizi, wakisubiri kuvushwa kwenda visiwani. Watu sita wakatokea. Wawili walikuwa na bunduki, na aliyewaongoza nilimjua, kila mtu Majunga alimjua: Tombo, mwenye mabucha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimenunua maini kwake wiki iliyopita.

Alisalimia kwa adabu, akamwita Lormel patroni, yaani bwana mkubwa. Akauliza kama tumekuja kuhesabu ng'ombe wake. Lormel akajibu kwa Kimalagasi chake kibovu kwamba tunachora ramani ya matope.

"Matope yana ramani?" Tombo akasema, na watu wake wakacheka. "Haya. Nani kawaonyesha njia ya huku?"

Jibu lilikuwa rahisi. Lilikuwa ndani ya bomba la bati, hatua mia tatu nyuma yetu: ndege ilipita, ikapiga picha, hakuna mtu aliyemsaliti. Lakini bomba lile lilikuwa kazi yake yote na Lormel alijua likitajwa litachomwa. Akatazama kifua cha Hamidu. "Huyu ndiye anayeandika," akasema. "Yote yamo katika daftari lake."

Hamidu alimgeukia taratibu, kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Hakubisha. Alilivua daftari shingoni akampa Tombo, na Tombo akafunua kurasa, mita, mita, mita, kwa ule mwandiko mzuri. Hakujua kwamba mahali panaweza kujulikana na mtu ambaye hajapafika. Kwake yeye, aliyetuleta alikuwa anapajua kwa miguu, na aliyepajua alikuwa huyu mwenye kalamu. "Ajojo," akasema, jina walilotuita sisi Wakomori walipotaka kututemea mate. "Daftari nitalichoma. La kichwani je?"

Aliyenyanyua panga alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia ya ukindu. Jina lake sikulijua na naomba radhi kwamba sikulijua. Alipiga upande uleule wa kovu. Hamidu hakuanguka mara moja kwa sababu tope lilimshika miguu. Alisimama, mkono shingoni, damu ikimpita vidoleni, akanitazama na kuushika upindo wa kanga yangu, na mwingine akampiga risasi tumboni kwa karibu hata moshi ukaniingia mdomoni. Ng'ombe wakaruka wote kwa pamoja, wakagonga uzio, midomo imefungwa. Nilianguka naye. Alisema "Echa" na neno jingine ambalo sikulisikia, tope limenijaa masikioni. Nilipoinua kichwa Tombo alikuwa akizungumza na Lormel kama watu wanaopatana bei ya mbavu.

"Na wewe utaandika nini kwenye ramani yako, patroni?"

"Tope," Lormel akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Tope tupu."

"Basi andika tope."

Nilimshika Hamidu kwapani nimvute. Alikuwa mzito na maji yalikuwa yameanza kurudi. Lormel alinikamata nywele akanikokota kinyumenyume. Nilimng'ata mkono nikausikia mfupa, naye hakuniachia. Mpaka leo wapo wanaosema aliniokoa. Labda. Nilipofika kwenye boti Zafy alitutazama, akatazama nyuma yetu, akatazama tena. Kisha akawasha mashine.

Kadi ilijazwa mchana huohuo chumbani kwa Mama Soa. Mataba yalikuwa mezani yanaganda, yeye mwenyewe amekaa mlangoni ametupa mgongo. Kadi ilitaka alama mbili, ya mwandishi na ya mpimaji. Lormel aliandika badala ya Hamidu, kwa mkono uliofungwa kitambaa: doa nambari arobaini na moja, tope tupu, hakuna mimea, hakuna mtu. Kisha akachukua dole gumba langu, akalitia wino. "Wakijua tumesema, watakufuata wewe, si mimi," akaniambia. Majina ya wakosaji nimesema nitayataja yote. Alinishika mkono, kweli, lakini hakuninyonga. Ningeweza kukunja ngumi. Sikukunja.

Siku ya pili ikasemwa mjini kwamba Hamidu ameiba ngalawa amekwenda kwao Komoro. Watu waliamini kwa wepesi wa kutisha. Tangu mauaji kila Mkomori asiyeonekana alikuwa amekwenda Komoro, na hakuna aliyekuwa akiuliza chombo gani. Nilikwenda kwa Fundi Atumani, aliyekuwa akituongozea sala. Nilitaka jambo moja tu: aswaliwe, ile sala ya maiti asiyekuwepo, nami niingie eda kama mke wa mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho akalia, alikuwa mzee mwema. Kisha akasema, "Mwanangu, siwezi kumzika mtu kwa neno la mkewe peke yake. Kama yu hai, nitakuwa nimekufungulia haramu. Niletee mashahidi." Akafuatana nami hadi kwa Lormel. Lormel akamwandalia chai, akasema anasikitika, kijana alikuwa mzuri, ila aliondoka kwa hiari yake. Zafy alikuwa mezani akipaka rangi. Hakuinua brashi.

Nikaenda kwa askari. Sajini Bezara alikuwa akila nyama ya Tombo bure kila Jumapili, na hilo pia kila mtu alilijua, lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa. Aliitoa ile kadi kwenye droo. Ilikuwa imekwisha fika. "Hili dole la nani?" akaniuliza. Nikasema langu. "Limeandikwa hakuna mtu. Ulisema uongo siku ile au unasema leo?" Kila nilipofungua mdomo alinipiga upande wa kulia wa kichwa kwa kitabu cha mahudhurio, bila hasira, kama mtu anayekung'uta mkeka. Sikio hilo ndilo lisilosikia. Jambo la mwisho lililolisikia ni swali lake lilelile, dole la nani.

Sasa kumbukumbu njema. Ramani ilipokamilika walialika wakubwa chumba cha kulia kilekile cha kuelekea Belobaka, wakaitandaza mezani, vinywaji na vitumbua vimezunguka. Niliingia na beseni la vitumbua, kwa sababu hakuna anayemtazama mwenye beseni. Lormel alikuwa ameinama akiwaonyesha mikoko ya Katsepy, kidole chake kinapita juu ya arobaini na moja, rangi ya kahawia ya tope, imepakwa vizuri bila kuvuka mstari. Chini ya vitumbua palikuwa na bildi yangu. Niliizungusha kwa kamba mara moja nikampiga nayo mdomoni. Nakumbuka meno yalivyodondoka juu ya karatasi, yakiruka kidogo, na jinsi alivyoyatazama akayazuia kwa kiganja, kana kwamba jambo la haraka ni ramani isichafuke. Nilimpiga tena begani, bega likavunjika. Nikasema mbele yao wote, "Hamidu yuko hapo." Walinipiga mpaka nikajisaidia. Jela ya Majunga nilikaa hadi mvua mbili zikapita, nikatolewa nikapakiwa kwenda Ngazija, na kutoka huko nikaja Unguja. Nilichumbiwa mara mbili. Kila aliyekuja nilimwambia nina mume, na sikuwa nasema uongo wala kweli. Tombo alikufa tajiri. Bezara alipandishwa cheo. Lormel, mwasikia, alikufa kwa amani, ingawa nina hakika alitafuna upande mmoja.

Mwezi mmoja baada ya ujumbe ule, Zafy alibisha hodi mlangoni kwangu, mzee, kofia mkononi, kaniulizia tangu Ngazija. Alikuwa ameleta picha imekunjwa ndani ya gazeti, ya miaka kadhaa baada ya kifo. Tuliitandaza kitandani. Arobaini na moja haikuwa nyeupe tena, ilikuwa imefunikwa na wekundu, mikoko imerudi imekaba. "Nilikuwa kwenye boti," akasema. "Nilihesabu mlivyoingia, nikahesabu mlivyotoka. Na bunduki niliisikia." Nikamuuliza kwa nini hakusema. "Nilikuwa na kazi," akasema. Sikumsamehe. Nilimpakulia chakula, kisha nikamwambia aamke twende, kwa sababu sasa nilikuwa na shahidi.

Imamu wa mtaa wetu ni kijana, nilimjua akiwa anakimbia uchi uwanjani. Nilimkuta barazani kwake nikamwambia nataka mume wangu aswaliwe. Akauliza jina. Nikasema Hamidu. Akauliza mtoto wa nani. Nikasema wa Moinaecha. "Haya, bi mkubwa, Ijumaa baada ya sala," akasema. Nikamwambia shahidi ninaye, yule pale amesimama juani, si Mwislamu lakini alikuwepo. Akamtazama Zafy, akanitazama. "Shahidi wa nini, mama? Si umesema amekufa?"

Nilikaa chini pale barazani. Ijumaa ile nilisimama nje, nikakigeuzia kipaza sauti sikio langu zima, nikalisikia jina la Hamidu likitajwa. Imamu akaniambia eda yangu imekwisha zamani, inahesabiwa tangu siku ya kifo, hakuna ninachodaiwa. Nikamwambia najua. Akasema, basi huna haja ya kukaa. Nikamwambia haja ninayo.

Zimebaki siku tisa za eda. Kituo nimekijibu, ukurasa mmoja kama walivyotaka. Nilimwambia mpwa wangu aandike kwa lugha yao kwamba doa nambari arobaini na moja si tope tupu, yupo mtu, anaitwa Hamidu. Chini yake nikachovya dole gumba katika wino, nikalikandamiza karatasini, nikahesabu mpaka kumi ili litoke vizuri. Safari hii hakuna aliyenishika mkono.